Jinsi Nilivyomweka Emrys Hai

Ofisi imeniomba niwaandikie wafanyakazi wapya maneno mawili matatu kabla sijasahaulika. Nadhani walitaka niandike juu ya kuosha mikono. Wanangu, kuosha mikono mnajua, na asiyejua kuna picha yake ukutani juu ya sinki. Mimi ni Zainabu, mzaliwa wa Mombasa, na kazi ya kea, ya kuwatunza wazee majumbani mwao, nimeifanya hapa London mpaka goti langu la kulia likazikataa ngazi za watu. Vyeo na mishahara nawaachia wanaovipenda. Mimi nitawaambia jinsi nilivyomchukua marehemu wa watu nikamrudisha duniani, nikamwacha huko miaka miwili na nusu akilima vitunguu.

Tuanze na siku ya kwanza, maana nayo ilikuwa na vituko vyake. Nilipelekwa Lewisham kumfuata nyuma Dada Agnes, mama wa Kakamega, mkongwe wa kazi, mwenye viatu visivyo na sauti na mdomo wenye sauti ya watu wawili. Tukaingia kwa bibi mmoja wa Kiingereza. Sasa mimi nilivyolelewa, huingii kwa mtu mzima ukaanza kumvua nguo hata hujamjulia hali. Nikavuta kiti. Nikamuuliza ameamkaje, usingizi ulikuwaje, watoto hawajambo, wajukuu je, na miguu inasemaje. Bibi akafurahi, akaanza na mjukuu wa kwanza, na alikuwa nao tisa. Ziara nzima ilikuwa ya nusu saa. Dada Agnes alikuwa amesimama mlangoni na glavu mkononi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Zainabu, umekuja kumwogesha au kumposa?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kumgeuza mgonjwa kwa shuka na siyo kwa uti wa mgongo wangu, kupima maji ya kuoga kwa kiwiko, na kuifunga kalamu kwa uzi kwenye faili la mteja kwa sababu kalamu za London zina miguu. Na ndani ya faili, alisema, unaandika kilichotokea. Usiandike ulichotaka kitokee, wala kitakachomfurahisha menija. Nikasema sawa. Enzi hizo nilikuwa mwepesi sana wa kusema sawa.

Miaka ikapita, wateja wakaja wakaenda. Kulikuwa na mama aliyeficha meno yake kwenye bakuli la sukari na kunitazama ninavyokunywa chai. Kulikuwa na mzee wa Kihindi aliyekuwa na duka Kisumu zamani, kila nikiingia akiniagiza kwa Kiswahili nikapange makopo, na makopo hapakuwa. Nilikuwa nikipanga hivyo hivyo, hewani, tukapatana. Lakini mteja aliyenitoa jasho ni Mzee Ifor.

Nilimpata baada ya wenzangu wawili kufukuzwa. Kosa lao lilikuwa moja, hawakujua kumsomea gazeti. Mzee Ifor alikuwa Mwelshi, mtu wa Wales, amekaribia miaka tisini, macho yamebaki na ukungu mtupu. Alikuja London kijana kuuza maziwa kwenye duka la mjomba wake, akaoa, akazaa, akafiwa na mke, na muda wote huo akijihesabu kuwa yuko ng'ambo. Nilimwambia, "Mzee, aliye ng'ambo ni mimi. Wewe kwenu ni saa chache kwa treni." Akanijibu kuwa kuna maji katikati, na maji ni maji. Lile neno "mzee" alilipenda tangu nilipomweleza maana yake. Daktari alipomwita kwa jina lake la kwanza, alimrekebisha.

Asubuhi yake ilikuwa na utaratibu kama wa ibada. Kwanza redio ya Kiwelshi, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Kisha chai. Kisha, ikiwa limefika, gazeti la kijijini kwao, linalotoka mara moja kwa mwezi na kuletwa na posta. Wanakijiji wenyewe ndio wanaoliandika. Trekta la nani limenasa kwenye tope, nani amefaulu mtihani wa kuendesha gari mara ya nne, nani anawashukuru waliomtembelea alipovunjika mguu. Gazeti zima halina waziri hata mmoja. Nilishangaa, halafu nikatamani na sisi tungekuwa nalo.

Wenzangu walifukuzwa kwa sababu walisoma Kiwelshi kama wanatafuna kokoto. Mimi nilifundishwa herufi zake kwa wiki mbili, na nikaona ni jamaa. Wana dh ya dhahabu, wana th ya thelathini, wana kh ya kheri. Nyumba niliyokulia ilikuwa na madrasa mlango wa pili, herufi hizo kooni mwangu zina chumba chao. Iko moja tu iliyonishinda, ya kupuliza pembeni ya ulimi, na kila nikiijaribu Mzee Ifor alijifuta shavu kwa leso. Maana sikuielewa mwanzoni, nilisoma tu, yeye akacheka au akaguna, nami nikauliza kwa nini. Hivyo hivyo nikakijua kijiji. Kumbe na wao wanaitana kwa kazi na kwa nyumba, kama sisi tunavyomwita mtu Ali Mkate au Mama Jenereta. Na katika wote hao, aliyetajwa sana katika nyumba ile ya Lewisham alikuwa Emrys wa Vitunguu.

Huyu Emrys alikaa dawati moja na Mzee Ifor shuleni. Siku Mzee Ifor anaondoka kuja London, Emrys alisimama mlangoni mwa kanisa akawaambia watu kwamba Ifor akipanda vitunguu huko, vitaota vikiongea Kiingereza. Watu wakacheka. Tangu siku hiyo hawakusemeshana tena. Walichofanya ni hiki: kila Septemba kijiji kina maonyesho, watu wanapeleka mboga na keki hemani, na kitunguu kizito kuliko vyote kinapata kadi nyekundu. Emrys alikuwa mshindi wa kudumu, na uzito ulichapishwa gazetini. Mzee Ifor naye, kwenye kibustani chake cha nyuma kisichozidi misala miwili ya kuswalia, alipanda vitunguu, akakipima kikubwa chake kwenye mizani ya jikoni, akangoja gazeti. Miaka yote hiyo alishindwa, peke yake, jikoni, na kwa alivyodhani hakuna mtu kijijini aliyejua kwamba anashindana. Nikamwambia huo ni wazimu. Akasema ndiyo, na nisisahau kumwagilia.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu. Mwaka mmoja, majira ya kuchipua, Mzee Ifor alitoka hospitali na kifua kibaya, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Gazeti likaja. Nikafungua ukurasa wa tatu nikamkuta Emrys, picha yake amekumbatia kitunguu, na chini mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, kistari katikati. Hapo hapahitaji kujua Kiwelshi.

Kwetu, wanangu, mgonjwa hapewi habari ya kifo mbichi. Hata mzima aliye mbali hapewi. Mimi mwenyewe baba alipofariki nilipigiwa simu nikaambiwa, "Baba yako ni mgonjwa kidogo," na nikajua papo hapo. Mgonjwa kidogo ni kufa. Mgonjwa sana ndiyo kuumwa. Basi nikakunja gazeti taratibu, nikamwambia Mzee Ifor, "Emrys, wanasema ni mgonjwa kidogo."

Nikangoja sura ibadilike. Haikubadilika. Akasema, "Kidogo tu? Vizuri. Sitaki nimshinde mtu mahututi, watu watasema." Akanyoosha kikombe nimwongeze chai.

Mwezi uliofuata akauliza habari za mgonjwa. Nikasema bado ni mgonjwa kidogo, na nikamkazia sauti, nikashusha na macho, ingawa yake hayaoni. Hakuna kitu. Mwezi baada ya huo akaanza kununa, akasema kama Emrys hawezi kulima mwaka huu, basi na yeye hana haja ya kuamka kitandani, aachwe alale. Na akalala kweli. Siku mbili hakula. Nilimpenda mzee yule, nawaambia wazi, na niliogopa. Siku ya tatu asubuhi nikafungua gazeti lile lile la zamani nikamsomea kwamba Emrys amepona na ameonekana bustanini. Mzee Ifor akaomba suruali.

Nilimweleza Dada Agnes sokoni Peckham, tukichagua mihogo. Akauweka mhogo kando. "Kwetu tungemtangaza redioni," akasema, "jina, ukoo, na mwili utatoka mochari saa ngapi. Wewe umemfufua? Mwambie kesho." Nikasema sawa.

Sikumwambia kesho. Septemba ikafika, na matokeo ya vitunguu. Mshindi alikuwa Beti, mjane wa Emrys, kwa mbegu za marehemu mume wake. Nikasoma jina la mume mahali pa jina la mke. Nilijiambia nyumba ni ile ile na shamba ni lile lile. Uzito sikuugusa hata gramu moja, maana mimi si mwongo. Mzee Ifor akakipima chake, kikawa kimepungua kidogo tu, akapiga meza, akaagiza mbolea. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Akawa ananenepa. Daktari akaandika kwamba hali yake inashangaza, akaniuliza tunampa nini. Nikasema samadi.

Mwaka wa tatu kikaota kitunguu ambacho sijaona mfano wake. Tulikilaza kwenye mizani mara tatu. Kilikuwa kimempita mshindi wa mwaka jana kwa mbali. Mzee Ifor akapapasa maganda, akasema mara hii hangojei gazeti. Anakwenda mwenyewe, akamweke Emrys kitunguu usoni.

Nilijaribu kila kizuizi. Nikataja kifua, nikataja ngazi, nikataja mvua ya Wales. Binti yake, Menna, alikuja Jumapili, nikadhani atamkataza. Menna amezaliwa hapa, Kiwelshi anakielewa lakini babake akimsemesha hujibu Kiingereza, kama wanangu mimi wanavyonifanyia, na gazeti lile hajalifungua maishani. Akasema ni wazo zuri sana, akakata tiketi mbili, ya baba na ya kea, akaomba ofisi inipe ruhusa. Nikaipata upesi kuliko likizo yoyote niliyowahi kuomba.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Yangu ilianzia stesheni ya Paddington. Tulikaa mimi, Mzee Ifor, na kitunguu mapajani mwake kimefungwa blanketi la mtoto. Mwanamke wa kiti cha pili akauliza ana miezi mingapi. Mzee Ifor akajibu, "Saba." Mimi sikucheka. Nilikuwa najua kwamba mzee huyu dunia yake yote ya nyumbani ilipita mdomoni mwangu, neno kwa neno, kila mwezi. Akijua nimetia langu mara moja, hatajua lipi si langu, na hana macho ya kwenda kuhakikisha. Nitakuwa nimemnyang'anya kijiji kizima. Na kama asingejua kwangu, angejua hemani, mbele ya watu, akiuliza Emrys yuko wapi.

Treni ikaingia kwenye handaki linalopita chini ya yale maji yake. Masikio yakaziba. Nikasema, "Mzee, Emrys amekufa."

Akaweka mkono juu ya kitunguu. "Lini?"

"Ule mwaka uliotoka hospitali. Niliposema ni mgonjwa kidogo."

"Ulisema amepona."

"Nilisema."

Nikamweleza desturi ya kwetu, na siku mbili alizokataa kula. Alisikiliza mpaka tukatoka upande wa pili, akawa anahesabu kwa vidole.

"Mwaka juzi alinishinda," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na mwaka jana."

"Ndiyo, Mzee. Uzito ulikuwa wa kweli. Alikuwa Beti."

"Nimeshindwa na maiti mara mbili." Akageuza uso dirishani, ambako haoni kitu. Kisha akarudi kwangu, na hasira aliyokuwa nayo sijaiona kwa mtu wa umri ule. "Kama ulikuwa unadanganya, ulishindwa nini kudanganya kwamba nimeshinda mimi?"

Mzee Ifor hakulia, hakuuliza Emrys alizikwa wapi, ila alinipokonya kitunguu nilipotaka kumsaidia kukibeba, akakishika mwenyewe.

Hema lilinuka nyasi na keki ya zabibu. Watu walikuwa wanapita polepole mbele ya meza kama wanaaga jeneza, wakinong'onezana habari za karoti. Waliomkumbuka Mzee Ifor walikuwa wachache, wakamshika mkono kwa zamu. Tukakikabidhi kitunguu, tukatolewa nje wakati wa hukumu, tukarudi. Nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu tulichosafiri nacho mpaka meza ya vitunguu. Chake kilikuwa katikati, na chini yake kadi nyekundu.

Nikaisoma kimoyomoyo mara mbili. Kisha nikamsomea kwa sauti, kwa Kiwelshi, vile ilivyoandikwa. Wa kwanza, Ifor.

"Acha," akasema.

"Mzee, ndivyo ilivyoandikwa."

"Umenionea huruma. Nilikuuliza kwenye treni ulishindwa nini kunipa ushindi, sasa unanipa. Soma jina lililopo."

Nikasoma tena. Nikamshika kidole nikakipitisha juu ya kadi, kana kwamba wino una kona. Nikamwapia kwa Mungu. Akasema Mungu nisimwingize kwenye vitunguu. Nilitamani kulia mimi. Miaka miwili na nusu nilimpa uongo akaumeza na chai. Leo nina kweli tupu mkononi, ndiyo kweli aliyoingoja maisha yake yote, na anaitema kwa sababu imetoka kwangu.

Nikaangalia huku na huku. Upande wa pili wa meza alisimama mwanamke mrefu, mzee, amevaa kofia ya mvua, mbele ya kitunguu chenye kadi ya buluu ya mshindi wa pili, na ametazama kadi ile kwa chuki ya wazi. Kadi iliandikwa Beti. Nikamwendea. Nikamwambia kwa Kiwelshi changu cha gazetini, "Mama, tafadhali, mwambie yule mzee nani ameshinda. Mimi haniamini, na ana haki."

Akanitazama juu mpaka chini. Nadhani hakuwahi kusikia lugha yake ikitoka kwenye buibui. Kisha akazunguka meza, akasimama mbele ya kiti cha Mzee Ifor, mikono kiunoni.

"Ifor. Ni Beti," akasema. "Umeshinda. Umenipita kwa uzito wa kijiko kimoja, na sijafurahi hata kidogo. Emrys angekuwapo usingeshinda."

Ile chuki ndiyo iliyomwingia. Mtu anayekubembeleza hasemi hivyo. Mzee Ifor akapapasa meza mpaka akakipata kitunguu chake, akaweka viganja vyote viwili.

"Najua," akamwambia. "Nisingeshinda. Alisema nini kuhusu mimi, mwishoni?"

"Alisema anajua huwezi kuacha kupanda, ila uzito wako hauandikwi popote, na ndiyo maana hakupumzika. Kila mwaka alidhani umempita."

Hapo ndipo Mzee Ifor alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, mbele ya karoti na jamu za watu, na Beti akavuta kiti akakaa naye, akamshika mkono, kofia ya mvua bado kichwani. Mimi nikajitenga pembeni ya hema na leso yangu. Bwana mmoja mwenye beji ya kamati akanijia kwa wasiwasi, akaniuliza kwa Kiingereza kama mzee wangu ni mgonjwa.

"Si mgonjwa," nikamwambia. "Amefiwa leo."